Tusidharau Mwanzo Mdogo

 

Sisi ni baba na mama wa nyumba moja hapa Maratatu, katika kambi ya Kyangwali. Tuna watoto watano. Barua hii tumeiandika wawili pamoja: mmoja anashika kalamu, mwingine anamkumbusha anaposahau, na akianza kujisifu anamkanyaga mguu. Kwa hiyo mkiona neno "sisi", mjue ni sisi wawili kweli, na mara nyingine ni nyumba nzima.

Juzi, baada ya sala ya jioni, kijana mmoja jirani alituuliza: "Baba, mama, ninyi imani yenu mliipata wapi? Mimi najaribu kusali, lakini naona ni kidogo tu, haifiki hata dakika mbili." Tulicheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu tulikumbuka pale tulipoanzia sisi. Hata hizo dakika mbili hatukuwa nazo. Tumeona ni vizuri tumjibu yeye pamoja na wengine kupitia kijarida chetu.

TULIKUJA NA SIFA KUBWA

Kule kwetu, sehemu za Djugu, tulikuwa watu wa kanisa. Baba wa nyumba alikuwa shemasi, mama aliongoza kwaya ya akina mama. Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma na mabati, lina ngoma, lina gitaa, na siku ya Noeli watu walijaa mpaka wengine wanasimama dirishani. Mtu akituuliza kama tuna imani, ni kama tulikuwa tunamwonyesha lile jengo. Hatukusema hivyo kwa mdomo, lakini moyoni ndivyo ilivyokuwa. Imani yetu ilikuwa kuta, ngoma na viti vya mbele.

Halafu vita vikafika. Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu ya watu wa Ituri walikimbia, na wengi walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na maboti. Sisi tulivuka mwezi wa pili, kutoka Tchomia mpaka Sebagoro. Wengi wenu mnaijua safari hiyo, hakuna haja ya kuieleza sana: mawimbi, baridi ya usiku, watoto wanatapika, watu wamejaa kupita kiasi. Kaka yake mama, wa tumbo moja, hakuvuka. Aliuawa wiki mbili kabla, shambani kwake. Tunaitaja habari hiyo sasa kwa sababu mbele itabidi tuirudie.

Tulipokelewa Kagoma. Wakati ule kipindupindu kilikuwa kimeingia kati ya watu waliovuka, na sisi tulikaa kwa hofu, lakini Mungu alitulinda. Baadaye tulipewa kiwanja, shitingi, miti, sufuria, mablanketi na jembe. Katika mzigo wetu kulikuwa na Biblia moja. Ililowa ziwani. Tulipoianika juani, kurasa za mbele zilishikana, na tulipojaribu kuzibandua zikachanika, kitabu cha Mwanzo chote kikatoka. Tangu siku hiyo watoto wetu wanaiita "Biblia isiyo na Mwanzo". Inaanzia Kutoka. Mzee mmoja alipoiona alisema: "Basi hiyo ndiyo Biblia ya mkimbizi, inaanza na watu wanaotoka."

WATU SABA CHINI YA MTI

Tulipokuwa tumekaa kiwanjani wiki tatu hivi, mama mmoja mjane alipita nyumba kwa nyumba. Alisema Jumapili watu wakutane chini ya mti, wasali. Hakuwa wa dhehebu letu, wala hakutuuliza sisi ni wa dhehebu gani.

Tulienda. Tulikuta watu saba. Hakuna ngoma, hakuna mchungaji. Yule mjane alisoma Neno kwa shida, kidole kwenye mstari, kwa sababu hakukaa sana shuleni. Wakati wa kuimba kila mtu alishika sauti yake, hakuna aliyemfuata mwenzake. Mtoto mmoja alilia tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tulirudi nyumbani tukicheka kile kicheko cha uchungu. Tukasema: "Ile nayo ni kanisa? Sisi tutasali siku tutakaporudi kwetu." Na hatukurudi tena chini ya ule mti karibu miezi saba.

Tulikuwa tunajiambia kwamba ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa pia na kiburi. Tuliona haya kuanza upya na watu saba, sisi tuliozoea watu mia tatu.

Baadaye tulikuja kusoma habari za watu waliofanana na sisi. Ni Wayahudi waliotoka uhamishoni Babeli. Mfalme Koreshi aliwaruhusu kurudi mwaka 538 kabla ya Kristo, nao wakaanza kujenga tena nyumba ya Mungu kule Yerusalemu. Walipoweka msingi, vijana walipiga kelele za furaha, lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti, mpaka mtu hakuweza kutenganisha kelele za furaha na za kilio. Someni Ezra sura ya 3. Halafu kazi ikasimama miaka mingi. Ilianza tena mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani mwaka 520, na wakati huo ndipo nabii Zekaria aliwauliza watu ni nani kati yao anayeidharau siku ambayo kazi bado ni ndogo. Hiyo iko Zekaria 4, mstari wa 10. Miaka kama mitano baadaye nyumba ilimalizika.

Tuliposoma hayo tulitazamana. Tulikuwa wale wazee wanaolia. Kulia si kosa, na Biblia haiwalaumu wale wazee kwa machozi yao. Kosa letu sisi lilikuwa kuukataa msingi mpya kwa sababu tu haukufanana na jengo tulilolipoteza.

SWALI LA MTOTO

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka huo huo. Tulikuwa tumekaa jikoni, bugali uko kwenye moto, kando kuna lengalenga kidogo. Mtoto wetu wa nne, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita, aliuliza bila hata kutazama juu: "Mama, Mungu alibaki Kongo?"

Tulimwuliza kwa nini anasema hivyo. Akajibu: "Kule tulikuwa tunaongea naye kila jioni. Huku hatuongei naye."

Ndugu zetu, tumesikia mahubiri mengi, lakini hakuna lililotuchoma kama hilo. Mtoto hakuwa anatusuta. Alikuwa anaeleza tu alichokiona: tulivuka na sufuria, tulivuka na nguo, lakini huyu tuliyekuwa tunaongea naye hatumwoni tena nyumbani, basi bila shaka amebaki ng'ambo.

Baba wa nyumba, shemasi wa miaka tisa, mtu aliyeweza kusali nusu saa bila kurudia neno, akasema: "Tusali." Akafumba macho. Hakuna neno lililokuja. Mwishowe alianza Sala ya Bwana, ile ambayo kila mtoto anaijua. Alipofika kwenye riziki ya kila siku sauti ilimkatikia, akashindwa kuendelea. Binti yetu wa kwanza akaipokea. Alipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, mama wa nyumba akafunga mdomo. Watoto wakamaliza wenyewe.

Hiyo ndiyo sala yetu ya kwanza katika nchi hii. Baba alikwama, mama alinyamaza, watoto ndio waliotufikisha kwenye Amina. Huo ndio mwanzo wetu, na hatuna mwingine wa kuwaonyesha.

KABLA BUGALI HAUJAPOA

Siku ile tulikubaliana jambo dogo sana. Tulijua tukisema "kuanzia kesho tutasali saa nzima", wiki haitaisha. Kwa hiyo tulipanga hivi: kila jioni, bugali ukishaiva, kabla ya kuupakua, tunasoma mistari miwili au mitatu kwa mwanga wa moto. Tulianzia Kutoka, kwa kuwa Biblia yetu inaanzia hapo. Kisha kila mtu anasema neno moja la kushukuru. Kisha mmoja anaomba. Basi. Isizidi muda wa bugali kupoa.

Watoto wakawa walinzi wa sheria hiyo. Baba akianza kuhubiri, mmoja anasema: "Baba, bugali unapoa." Naye ananyamaza.

Mwanzoni yale maneno ya kushukuru yalikuwa kama mchezo. "Nashukuru kwa chumvi." "Nashukuru leo sikuanguka na jerikeni." Tulitaka kuwasahihisha, tuwafundishe kushukuru kwa mambo makubwa. Lakini kadiri siku zilivyokwenda tuliona kwamba wao ndio walikuwa wanatufundisha sisi. Mtu anayetafuta kitu kimoja cha kushukuru jioni, anaanza kukitafuta tangu asubuhi. Macho yanabadilika. Tulikuwa tumezoea kuhesabu tulivyopoteza, tukaanza kuhesabu na vilivyobaki.

Msidhani tulienda vizuri siku zote. Mara moja tuligombana sisi wawili kwa sababu ya pesa ya mahindi tuliyouza, na sala ikalala karibu wiki tatu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema "tusali", maana ilikuwa ni sawa na kuomba msamaha. Kilichotusaidia ni ule udogo wenyewe. Kitu kikubwa kikianguka, kukiinua tena kunahitaji watu wengi. Kitu kidogo, hata mtoto anakiokota. Jioni moja mtoto wa tatu alileta tu ile Biblia akaiweka karibu na moto, akakaa. Tukaendelea pale tulipoishia.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 mlijua umuhimu wake nanyi pia. Serikali ya Uganda ilifunga makanisa na misikiti yote kwa sababu ya korona. Mikutano mikubwa, kwaya, mikesha, vyote vikasimama. Watu wengi walisema hawajui wasali namna gani. Nyumbani kwetu hakuna kilichobadilika: moto, mistari mitatu, shukrani, bugali. Hapo ndipo tulielewa kwamba kile kidogo tulichokuwa tunakionea haya ndicho kilichokuwa na mizizi.

MTU ALIYEKUJA KWETU KWA MIGUU

Sisi watu wa Ituri tunayo hadithi ya kweli inayohusu jambo hili, na inaunganisha nchi yetu na nchi hii iliyotupokea. Ni habari za Apolo Kivebulaya.

Alikuwa Muganda. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata, 1896, akaenda mpaka Mboga, mahali tunapopaita leo Boga, kusini mwa Ituri. Hakwenda kama mtu mkubwa. Hakuwa padri wala mkuu wa kitu chochote. Alikuwa mwalimu wa Neno tu, mkristo wa juzi, katika nchi ya watu ambao lugha yao si yake.

Mambo hayakwenda vizuri. Chifu Tabaro hakumtaka. Apolo alipigwa. Mwaka 1898 dada yake chifu alianguka juu ya mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akashtakiwa kwamba ndiye aliyemuua, akatolewa Mboga akafungwa gerezani huku Uganda. Fikirini: miaka miwili ya kazi, halafu gereza. Mtu angeweza kusema kazi yake imekufa.

Baadaye ilionekana hana hatia, akafunguliwa. Na alipofunguliwa alirudi kule kule Mboga. Chifu Tabaro naye mwishowe akaamini, akabatizwa. Apolo alifanywa padri mwaka 1903. Uzeeni alijitolea kwa ajili ya watu wa msituni, wale ambao wengi waliwadharau kwa ufupi wao, akajifunza lugha yao na kutafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao. Alifia Boga mwaka 1933, na kaburi lake liko huko.

Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi ya kwanza ya Waanglikana katika nchi yetu, na mwaka 1992 kanisa hilo likawa jimbo linalojitegemea. Yeye hakuyaona hayo. Alichokiona yeye ni watu wachache, njaa, fimbo na gereza.

Sisi si Waanglikana, lakini tunampenda mzee huyu. Yeye alitoka Uganda akaja kwetu kwa miguu akiwa na kidogo. Sisi tumetoka kwetu tukaja Uganda tukiwa na kidogo. Barabara ni ile ile.

JAMBO

Sasa turudi kwenye lile tuliloacha nyuma. Hapa mama wa nyumba ndiye aliyesimulia, na baba ameandika tu.

Karibu na kiwanja chetu anakaa mama mmoja wa upande mwingine. Hatutataja kabila lake wala letu. Ninyi mnajua, na kulitaja hakuna faida. Mama huyo hakutukosea lolote. Yeye pia alikimbia. Lakini kila mama wa nyumba yetu alipomwona, aliliona shamba la kaka yake. Akimkuta kwenye bomba la maji, anaacha jerikeni kwenye mstari, anarudi nyumbani kusubiri yule aondoke. Mara nyingi watoto walikwenda shule hawajanawa kwa sababu hiyo.

Na kila jioni, tukifika pale kwenye Sala ya Bwana, mama ananyamaza. Ilikwenda hivyo miezi na miezi. Siku moja binti yetu akauliza: "Mama, mbona pale huwa unaruka?" Hakumjibu.

Kesho yake mama alikwenda kwa yule mjane wa chini ya mti. Wakati huo tulikuwa tumerudi kusali naye, tulikuwa tumemwomba radhi, naye alikuwa amecheka tu. Mama akamwambia: "Mama, mimi nimeshindwa. Siwezi kuwasamehe. Nikijilazimisha nasikia kama namsaliti kaka yangu."

Mjane alikuwa anachambua maharagi. Akasema: "Binti yangu, nani amekuambia uanze na huko mwisho? Anza na jambo."

"Jambo gani, mama?"

"Jambo tu. Si ndivyo tunavyosalimiana? Mwambie jambo."

Mama alirudi akiwa na hasira. Aliona ni dharau, uchungu mkubwa namna ile kupewa dawa ya neno moja. Ilimchukua siku tisa. Siku ya tisa alisimama kwenye mstari wa maji, hakukimbia, na zamu yake ilipokaribia alisema "Jambo", macho yake yakiangalia jerikeni. Yule mama alishtuka. Alikaa kimya kidogo, halafu akajibu kwa sauti ndogo: "Jambo, mama."

Ni hivyo tu. Magoti ya mama yalikuwa yanatetemeka, na nusu ya maji aliyamwaga njiani. Hakusikia furaha yoyote. Alisikia uchovu kama wa mtu aliyelima siku nzima.

Siku iliyofuata akasema tena. Na iliyofuata tena. Baada ya wiki kadhaa ikawa "Jambo, watoto wameamkaje?" Mvua zilipoanza, moto wa yule mama ulizimika asubuhi moja, akatuma mtoto wake kuomba kaa la moto kwetu. Tukampa. Jioni yake alirudisha bakuli la maharagi mabichi. Siku moja, wakifua nguo karibu karibu, alieleza kwamba watoto wake wawili walikufa njiani, kabla ya kufika ziwani. Mama hakuwa na la kusema. Walilia wote wawili, mikono ina mapovu ya sabuni.

Na jioni moja, zaidi ya mwaka mmoja tangu ile "jambo" ya kwanza, tulikuwa tunasali kabla ya bugali. Tulifika pale pa kusamehe. Tukasikia sauti moja imeongezeka. Mama mwenyewe anasema hakuamua, alijisikia tu anatamka. Watoto walifumbua macho wakatazamana, lakini hakuna aliyesema neno. Tulimaliza, tukala.

Hatusemi kwamba uchungu umekwisha. Kaka hajarudi. Waliomuua hatuwajui, na kuhusu wao bado tuko njiani. Kuna usiku ambao mama anaota shamba lile na anaamka analia. Lakini sasa akiamka anaweza kusali, na zamani hakuweza.

KILICHOKUA NA KISICHOKUA

Wengine wanafundisha kwamba ukipanda kidogo kwa Mungu utavuna gari na nyumba ya ghorofa. Sisi hatujaona hivyo. Mwaka 2023 familia zilipogawanywa katika makundi kwa ajili ya msaada wa chakula, mgao wetu ulipungua, na mpaka leo tunahangaika. Mtoto wetu wa pili alikatisha shule mwaka mmoja kwa kukosa karo. Kiwanja chetu ni kile kile.

Lakini kuna vilivyokua. Wale watu saba wa chini ya mti leo wana nyumba ya sala ya miti na udongo, nusu mabati na nusu shitingi, na siku ya Jumapili inajaa. Gitaa hakuna bado. Yule mjane amezeeka, anasoma Neno kwa shida vile vile, na hakuna mtu anayecheka. Yule mama wa upande wa pili wakati mwingine huja kusali nasi, anakaa nyuma, karibu na mlango. Na sisi wawili, tukigombana, hatufikishi tena wiki tatu. Siku hizi ni siku mbili, na tunaendelea kupunguza.

Bwana Yesu alisema Ufalme wa Mungu ni kama punje ya haradali, iliyo ndogo kuliko mbegu nyingine, lakini ikikua ndege wanapata matawi (Mathayo 13:31-32). Huku kwetu hatupandi haradali, lakini mnaijua mbegu ya lengalenga. Ukiishika mkononi unadhani ni vumbi, na upepo mdogo tu unaipeperusha. Ukiitia ardhini, baada ya wiki chache watoto wanakula mboga. Na Marko 4:26-29 inaongeza jambo linalotufariji sana: mkulima anapanda, analala, anaamka, na mbegu inakua bila yeye kujua inakuaje. Kazi yetu ni kuipanda na kutoiondoa kila siku kuangalia kama ina mizizi.

Kwa hiyo wewe kijana uliyetuuliza, hizo dakika mbili zako usizidharau. Zishike. Usizifanye kuwa saa nzima kesho ili keshokutwa uache kabisa. Anza na jambo.

KWA MAZUNGUMZO NYUMBANI MWEZI HUU

Tumeweka maswali matatu. Msiyajibu yote siku moja. Chukueni moja kwa jioni.

1. Ni kitu gani kidogo mnachoweza kufanya pamoja kila siku mbele za Mungu, kitu ambacho hata mtoto mdogo anaweza kukikumbusha?

2. Kuna mahali gani katika Sala ya Bwana ambapo moyo wako unanyamaza? Si lazima kuwaambia wengine. Mwambie Mungu.

3. Ni nani unayemkwepa kwenye bomba, sokoni au kwenye mstari wa mgao? Unaweza kumwambia nini wiki hii, hata kama ni neno moja tu?

Tumalizie kwa ombi fupi, maana na kwenu bugali unapoa.

Ee Mungu uliyevuka ziwa pamoja nasi hata tulipodhani umebaki, tunakushukuru kwa chumvi, kwa maji, na kwa watoto wanaouliza maswali. Wabariki wenyeji wa nchi hii waliotugawia ardhi yao. Uwakumbuke wote waliobaki nyumbani, na wale wasiozikwa na ndugu zao. Tufundishe kutokuonea haya kilicho kidogo, kwa kuwa hata Mwanao alilazwa katika hori la ng'ombe. Amina.

Ni sisi ndugu zenu, baba na mama wa nyumba moja, Maratatu, Kyangwali.